Among Us: Vile Unaweza Mshika Msaliti Ndani ya Chombo Kabla Akupige Ngeta

Neno "sus" lilikuwepo kitambo, lakini hii gemu ndiyo ililisambaza mpaka hata mathe akaanza kulitumia akiulizia nani amemaliza sukari. Kama wewe ni wale wa kuskia tu stori za Among Us bila kuicheza, ama unacheza na kila siku unatupwa nje ya chombo ukiwa hujafanya kitu, kaa hapa tukueleze.

Stori yenyewe ni rahisi. Watu 4 hadi 15 wako ndani ya chombo cha angani. Wengi ni mbogi safi, wako na kazi ndogo ndogo za kufanya ndiyo chombo kiende: kuunganisha waya, kupitisha kadi, kumwaga taka. Lakini kati yao kuna msaliti mmoja, wawili ama watatu, na gemu inawaita Impostor. Hao hawana kazi yoyote. Wanajifanya wanachapa kazi, wanaharibu mitambo, na wakikupata solo kwa kona wanakudedisha. Mwili ukipatikana, mtu anaripoti, kila kitu inasimama, mnaingia kwa mkutano mnapiga domo halafu mnapiga kura. Mwenye kura nyingi anatupwa nje angani. Hakuna rufaa.

Mbogi inashinda ikimaliza kazi zote ama ikitupa wasaliti wote. Wasaliti wanashinda wakibaki idadi sawa na mbogi, ama wakiharibu mtambo wa maana na hakuna mtu akaurekebisha kwa wakati. Shika hiyo ya idadi sawa. Tutairudia, na ndiyo wengi huwa hawapigi hesabu yake.

Ilitoka wapi

Among Us ilitengenezwa na watu watatu tu wa kampuni ndogo ya Marekani inaitwa Innersloth: Forest Willard, Marcus Bromander na Amy Liu. Ilitoka kwa simu Juni 2018 na ikalala. Manze, ilikuwa inapata watu 30 hadi 50 wakicheza kwa wakati mmoja, dunia nzima. Hiyo ni matatu mbili za Umoinner, na hazijajaa. Halafu katikati ya 2020, watu wakiwa wamefungiwa kwa nyumba na corona, wale wasee wa kustream kwa Twitch wakaishika. Hapa kwetu ilikuwa wakati wa kafyu, shule zimefungwa, na ilikuwa bure kwa simu ukivumilia matangazo. Novemba mwaka huo kampuni ya utafiti ya SuperData ilikadiria wachezaji karibu nusu bilioni kwa mwezi mmoja. Oktoba, wabunge wawili wa Marekani, Alexandria Ocasio-Cortez na Ilhan Omar, waliicheza laivu wakiwarai vijana wapige kura, na kwa kilele chake watu zaidi ya 400,000 walikuwa wanawatazama. Omar, ukumbuke, alipitia kambi ya wakimbizi hapa Kenya akiwa mtoto.

Lakini wazo si lao. Miaka ya 1980, mwanafunzi wa Moscow State University anaitwa Dimitry Davidoff alibuni mchezo wa maneno unaitwa Mafia. Watu wanakaa mduara, wachache wanajuana kisiri kwamba ni mafia, wengine hawajui kitu. 1997 Andrew Plotkin wa Marekani akawabadilisha mafia kuwa mbwa mwitu, na mchezo ukasambaa zaidi. Kila mchezo wa msaliti umesimama kwa hiyo nguzo moja: wachache wanaojua kila kitu dhidi ya wengi wasiojua chochote. Kuna wanahisabati hata waliipigia hesabu, wakachapisha 2008, na wakaonyesha kwamba wachache hao hawahitaji kukaribia nusu ya kikundi ndiyo wawe na nafasi nzuri ya kushinda. Kujua ni silaha kushinda wingi.

Sinema nayo ilishaonja hii kitu mapema. Kwa Alien ya 1979, Ripley anaingia kwa kompyuta ya chombo, anapata kwamba kampuni inataka yule mnyama aletwe nyumbani na mbogi nzima inaweza kufa tu. Aliyekuwa anajua ni Ash, afisa wa sayansi, ambaye anageuka kuwa roboti. Angalia alishikwa na nini: si sura, ni rekodi. Hiyo ndiyo njia pia kwa Among Us.

Anza na kazi, si na sura

Watu wengi wanamtafuta msaliti kwa vile anatembea. "Anakaa sus." Hiyo ni stori za jaba. Anza na vitu ambavyo msaliti hawezi kuvifanya hata akitaka.

Kwa The Skeld, hiyo ramani ya kwanza yenye kila mtu anaijua, kuna kazi chache zinazoonekana na watu wengine ukizifanya. Ukisimama kwa mashine ya MedBay inakuskani, na mwangaza wa kijani unapanda kwa mwili wako. Ukifyatulia mawe ya angani kule Weapons, mizinga inaonekana ikipiga. Msaliti anaweza kusimama hapo mpaka kesho, hakuna kitu kitatokea. Kwa hivyo ukishukiwa na uko na kazi ya MedBay, usipigane na mtu. Waite waje wakuone. Watu wawili wakikushuhudia, wewe umeoshwa, na sasa neno lako lina uzito. Shida ni moja tu: mwenye chumba anaweza kuzima hayo maonyesho, na wachezaji wakali huyazima. Cheki mipangilio kabla gemu ianze.

Pili, kuna kazi za wote. Kwa The Skeld ni kupitisha kadi na kuunganisha waya. Hizo zikipewa mmoja, kila mtu amepewa. Kwa hivyo kama wewe huna kazi ya kadi na mtu anasema kwa mkutano "nilikuwa Admin napitisha kadi", buda, huyo amejichoma mwenyewe. Hiyo ni mojawapo ya ushahidi safi kabisa kwa gemu nzima, na wasee huiacha ipite kwa sababu wako bize kupiga kelele.

Tatu, ile mistari ya kijani juu ya skrini. Inapanda kazi ikiisha. Mtu akijifanya anafanya kazi halafu anaondoka na mstari haujasonga, shuku. Lakini hapa ndipo wengi huua mtu safi. Kazi zingine zina hatua kadhaa. Waya ni sehemu tatu tofauti. Data unaidaunlodi chumba kimoja halafu unaipeleka Admin. Mstari hausongi mpaka hatua ya mwisho iishe. Kwa hivyo "aliguza waya na mstari haukupanda" si ushahidi wa kumtupa mtu, labda kama ni mara ya tatu.

Jua mashimo yanatokea wapi

Msaliti anaweza kuingia kwa matundu ya hewa na kutokea chumba kingine. Mbogi ya kawaida haiwezi, isipokuwa yule fundi aliyeongezwa Novemba 2021. Ukimwona mtu akiruka ndani na hakuna fundi kwa gemu, hiyo kesi imeisha. Mara nyingi lakini hutamwona. Utaona tu matokeo, na hapo kujua ramani kunalipa.

Kwa The Skeld, Electrical, MedBay na Security zimeunganishwa. Cafeteria inaungana na Admin na ule ukumbi wa kando. Reactor inaungana na injini zote mbili. Weapons na Shields zote zinafika Navigation. Sasa tuseme mwili umepatikana Electrical, na kuna msee anaapa alikuwa MedBay. Kwa miguu hiyo ni safari. Kwa tundu ni sekunde. "Nilikuwa mbali" si kitu kama ule umbali una njia ya mkato.

Electrical yenyewe, acha tu. Ni chumba cha kona, mlango mmoja, na ndiyo kila mtu analazimika kwenda taa zikizimwa. Taa zikizimwa mbogi haioni mbali, lakini msaliti anaona kama kawaida. Nenda na watu wawili, si mmoja. Ukienda na mmoja, huyo mmoja anaweza kuwa ndiye.

Kamera za Security pia zinasaidia, lakini taa nyekundu inawaka kwa kamera mtu akitazama. Msaliti mjanja anaangalia hiyo taa kabla afanye kitu. Kaa kidogo, toka, rudi.

Na mtambo ukiharibiwa, usikimbie tu kama kondoo. Reactor inataka watu wawili waweke mikono kwa wakati mmoja, hewa ya O2 inataka namba ziingizwe sehemu mbili. Hesabu nani anafika na nani hafiki. Wasaliti hupenda kuharibu kitu upande mmoja ndiyo wafanye kazi yao upande mwingine, mahali mmeacha wazi.

Mkutano, ambapo watu safi hufa

Hii ndiyo sehemu yenye inauma. Ukicheza gemu 10 utaona msaliti hashindi sana kwa ngeta. Anashinda kwa mdomo. Mbogi inatupa mtu wake yenyewe.

Kwa watu 10 na wasaliti 2, ukitupa mtu wa kwanza kwa kubahatisha, mara 8 kati ya 10 unamtupa mtu safi. Lakini mkutano wa kwanza ukianza, mtu mmoja anaandika "ni Red", wa pili "Red ako sus", wa tatu hajaona kitu lakini hataki kubaki nyuma, na Red bado anaandika taratibu na kidole gumba kwa simu ya skrini imepasuka. Red ameenda. Red alikuwa safi. Ni kama vile mtaani mtu akiitiwa mwizi: wa kwanza kupiga mayowe ndiye anasikizwa, na anayekimbia anaonekana ana hatia hata kama anakimbilia matatu.

Kwa hivyo usianze na "nani?" Anza na "wapi?" Mwili ulikuwa wapi, nani aliripoti, kila mmoja alikuwa wapi na na nani. Uliza yule amenyamaza kwanza, kabla wenye mdomo wajaze skrini. Mtu safi huwa na stori yenye mapengo, kwa sababu hakujua atahitaji kuikumbuka. Msaliti mara nyingi yuko na stori imenyooka sana, ama hana chumba chochote: "nilikuwa natembea tu."

Aliyeripoti mwili hajaoshwa. Msaliti huua na kuripoti mwenyewe, haraka, halafu anauliza maswali kama karao. Pia mwogope yule anakuganda gemu nzima na hakuguzi. Watu hudhani "tumetembea pamoja, angekuwa ameshaniua." La. Anakuweka. Anakutunza ndiyo mkibaki wachache wewe ndiye umtetee. Ukifika hapo umekuwa wakili wa msaliti bila malipo.

Hesabu za mwisho

Hapa sasa usicheze na hisia.

Mkibaki 5 na wasaliti bado ni 2, kuruka kura ni kujimaliza. Mko 3 kwa 2. Mkiruka, mmoja anauliwa, mnakuwa 2 kwa 2, gemu imeisha. Lazima mpige kura, na lazima nyinyi watatu safi mkubaliane, juu wale wawili watapiga pamoja. Mmoja wenu akipotoka, kura zinakuwa 2 kwa 2, hakuna anayetupwa, na mnarudi pale pale kwa kufa.

Mkibaki 4 na msaliti ni 1, mambo yanageuka. Hapa kuruka ni sawa kama hamna ushahidi. Ataua mmoja, mtabaki 3, na mkipata mkutano mna nafasi moja ya mwisho. Lakini mkikosea kura mkiwa 4, mnabaki 2 kwa 1, na ngeta moja tu inamaliza stori. Kwa hivyo yule anawasukuma sana "tupige kura tu, tumalize" mkiwa wanne, mwangalie mara mbili. Mtu safi anayejua hesabu hana haraka hiyo.

Mkiwa 3, chagueni. Hapo hakuna kuruka. Yule katikati, mwenye kura ya kuamua, ndiye wote wawili wanamrai, na ndiyo maana ni muhimu uwe umeoshwa MedBay mapema ndiyo neno lako lisikizwe.

Na ukidedishwa usiondoke kwa gemu ukiwa na hasira. Mzimu hauwezi kuongea na walio hai, lakini kazi zako bado zinahesabiwa. Kuna gemu mingi zimeokolewa na mzimu mmoja kule Storage akimalizia kumwaga taka, wakati waliobaki hai walikuwa bado wanabishana kama ni Blue.