Michezo ya Pamoja katika Malezi ya Watoto wa Shule ya Msingi

Michezo ya pamoja ni ile ambayo mtoto hawezi kuicheza peke yake wala kuishinda bila mwenzake: kuvuta kamba, mbio za kupokezana vijiti, kombolela, mpira wa miguu, mpira wa pete. Katika shule za msingi za Tandahimba, kama ilivyo Newala na Masasi, huchezwa katika viwanja vya mchanga na chini ya mikorosho, mara nyingi kwa mpira uliofungwa kwa matambara. Tunaizungumzia hapa kama sehemu ya malezi, kwa kuwa wapo wazazi waamini wanaoihesabu kuwa ni kupoteza muda.

Mafundisho ya Kanisa hayakubaliani na dhana hiyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba mchezo wenye kiasi ni pumziko lake. Tena anaona kasoro kwa mtu asiyecheza kabisa na kuwakunjia uso wanaocheza. Nabii Zakaria, anapoieleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, hataji majeshi. Anataja wazee wenye mikongojo na, karibu nao, watoto wa kiume na wa kike wanaocheza njiani. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyewalea vijana maskini wa Torino katika karne ya 19, aliwataka walezi wake wawemo uwanjani pamoja na watoto, si kuwatazama kwa mbali.

Mchezo unaostahili kutafakariwa zaidi ni kombolela. Mmoja hulinda kopo na kuwatafuta wenzake waliojificha; kila anayeonekana hutajwa jina na kuwekwa kando kama mateka. Mateka hawezi kujiokoa. Tumaini lake ni yule ambaye bado yuko mafichoni, atakayethubutu kutoka, kumwahi mlinzi na kulipiga kopo teke. Hapo wote huwa huru. Huyo aliyejitokeza angeweza kubaki salama kichakani. Hatusemi kwamba mchezo ni katekesi. Hata hivyo, jina lake lina undugu na kitenzi kukomboa, na katekista anayewaeleza watoto habari za Mkombozi hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Rede nayo huhitaji vitu vichache tu. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira kwa nia ya kumpiga aliye katikati, naye hukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mchanga haujapata kuadimika Tandahimba.

Kwa upande wa mashindano rasmi ipo UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania, ambayo huchuja wachezaji kutoka ngazi ya shule hadi Taifa. Mashindano ya Taifa ya mwaka 2019 na ya 2021 yalifanyika Mtwara. Tunayathamini, lakini mchujo, kwa asili yake, huwabakiza watoto wengi pembeni wakipiga makofi. Shule inayoandaa timu yake tu bado ina deni kwa mtoto mzito wa mwili, kwa mwenye ulemavu wa mguu, kwa mgeni aliyehamia muhula huu. Kamba ya kuvuta huwapokea wote hao, na yule mzito ndiye hugombaniwa.

Katika wilaya hii Waislamu ni wengi kuliko Wakristo. Watoto wanaotenganishwa na kipindi cha dini hushika kamba moja saa ya michezo. Kwa sababu hiyo tunashauri timu zipangwe kwa kura, zisipangwe kwa kitongoji wala kwa urafiki uliokwisha kuwapo.

Tatizo kubwa ni msimu. Korosho zinapoanza kuanguka, kati ya Septemba na Oktoba, viwanja hupungukiwa watoto, na si viwanja tu, bali hata madarasa. Kumsaidia mzazi kuokota korosho ni kazi halali na humfundisha mtoto thamani ya jasho. Kumtoa shuleni kwa wiki kadhaa, au kumrudisha nyumbani jioni akiwa hana nguvu hata ya kukimbia, ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto haki ya kucheza na kupumzika, nayo imeitaja pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu. Tungependa jumuiya ndogondogo ziliseme hili wazi kabla ya mavuno, fedha zikiwa bado hazijaingia.

Parokia zinazoandaa siku ya michezo kwa watoto wa Utoto Mtakatifu na wenzao wa shule zizingatie machache. Wawepo walezi wawili au zaidi, wanaume kwa wanawake, na mtoto yeyote asiondoke na mlezi mmoja faraghani. Ijumaa mchana iachwe, ili watoto wa Kiislamu wasilazimike kuchagua. Michezo ianze asubuhi kabla ya jua kali. Maji yaandaliwe mapema: juu ya Uwanda wa Makonde mvua huzama upesi mchangani na chemchemi ziko mabondeni, hivyo asitumwe mtoto kuyafuata siku hiyo. Zawadi, ikiwa ipo, iwe ya kuliwa na timu nzima. Mihogo ya kuchemsha yatosha, nayo ipikwe ya kutosha timu zote, pamoja na ile iliyoshika mkia.