Jina la Karagwe katika Hati ya Kiarabu na katika Kompyuta

Huko Kafuro, karibu na Bweranyange alikokaa Mukama Rumanyika, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa pembe. Speke alifika Karagwe mwaka 1861. Stanley, mwaka 1876, alimkuta Kafuro mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Hamed Ibrahim. Watu wa namna hii waliandika kwa hati ya Kiarabu. Basi mmoja wao akitaka kupeleka barua pwani na kuitaja nchi aliyomo, angeliandikaje jina lake?

Jina hili lina mitego miwili. Hati ya Kiarabu haina herufi ya g, wala haina alama ya irabu e. Mazoea ya waandishi wa Kiswahili yalikuwa kutumia ghaini mahali pa g, na kasra mahali pa i na pa e pia. Msomaji aliyeko Unguja angeweza kusoma Karaghwi. Aliyelijua jina hakutatizika, asiyelijua alibahatisha. Vivyo hivyo ba ilibeba p, fa ikabeba v, na ng ikajificha ndani ya ghaini ileile.

Upungufu huu uliwasumbua wenyeji wenyewe. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye twamshukuru kwa kutuhifadhia mashairi ya Muyaka, aliirekebisha hati hiyo ili sauti za Kiswahili zitofautike. Lakini hapakuwa na chombo cha kuyaeneza marekebisho yake, na baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 usanifishaji ulifuata herufi za Kirumi.

Tatizo limerudi kwa mlango wa kompyuta. Mashine haihifadhi umbo la herufi, huhifadhi namba. Namba hiyo wataalamu huiita msimbo, na neno hilo lafaa kuliko “kodi”, ambayo mtumishi wa serikali ataielewa vingine kabisa. Orodha ya kimataifa ya misimbo, Unicode, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Herufi isiyokuwamo haiwezi kutumwa, kupangwa wala kutafutwa kwa njia ya kawaida.

China yatupa mfano. Herufi za matamshi ziitwazo zhuyin zilibuniwa mwaka 1913 na kutangazwa rasmi mwaka 1918. Hapo mwanzo sauti moja inayokaribia e haikuwa na herufi yake. Ikaandikwa kwa herufi ya o iliyotiwa nukta juu, kisha umbo jingine likachukua nafasi hiyo. Herufi ile ya nukta iliachwa, ikabaki katika vitabu vya zamani. Hata hivyo, mwaka 2017 ilipewa msimbo wake, 312E. Anayeomba msimbo hutakiwa kuonyesha maandishi ambamo herufi ilitumika, na ushahidi huo ulipatikana.

Sisi tumebahatika kwa namna nyingine. Herufi za p, ch na g zilikwisha kuingizwa kwa ajili ya Kiajemi na Kiurdu, na ile ya ng ilipatikana kwa ajili ya Kimalei. Kwa e, baadhi ya waandishi wa leo hutumia alifu ndogo chini ya herufi, msimbo 0656. Kinachokosekana ni mapatano. Mwaka 1997 Yahya Ali Omar na P.J.L. Frankl walichapisha mapendekezo ya mfumo mmoja wa hati hii, lakini mapendekezo ya wanazuoni wawili si uamuzi wa chombo cha lugha.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili, ambayo J.W.T. Allen aliitolea orodha mwaka 1970. Wanukuzi wawili wakikaa kuinakili katika kompyuta, mmoja akaweka ghaini (063A) kama alivyoikuta, mwenzake akaweka gafu (06AF) kama inavyotamkwa, mashine itahesabu Karagwe mbili. Mtafiti atakayeuliza kwa njia ya kwanza hataoneshwa kurasa za pili, naye atadhani hazipo. Kwa maoni yangu mnukuzi aihifadhi ghaini, kisha matamshi yaandikwe kando kwa herufi za Kirumi. Lakini kanuni hiyo itangazwe kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa kurekebisha maelfu ya kurasa baadaye ni gharama asiyoitengea mtu fungu.