Kujua Lugha na Kuisema

Kuna swali lililotusumbua siku nyingi: kwa nini mwanafunzi aliyesoma Kiingereza miaka mitatu au minne, anayejua kanuni zote za sarufi, hushindwa kumjibu mgeni neno moja?

Swali hili si la walimu peke yao. Tulipokuwa tungali wapya katika upadri, tuliitwa usiku hospitalini kwa dereva wa lori, mtu wa Zimbabwe, aliyeugua safarini toka mpaka wa Kasumbalesa. Hakujua Kifransa wala Kiswahili. Sisi tulikuwa na Kiingereza cha shule, kile cha kuandika zoezi bila kosa. Lakini mbele ya mtu anayeogopa kufa hatukupata neno la kumfariji. Tulimpaka Mafuta matakatifu. Aliyezungumza naye ni katekista aliyetufuata, mtu aliyejifunza Kiingereza akiuza samaki pale mpakani. Tulirudi nyumbani na haya. Tangu siku ile tulianza kuiuliza historia: waliotutangulia walijifunzaje lugha za wengine?

Mwalimu wetu wa kwanza ni Mwafrika, Mtakatifu Agostino wa Tagaste. Katika kitabu chake cha Maungamo alieleza ya kuwa Kilatini alikipata utotoni, kati ya walezi waliocheka na kucheza naye, pasipo woga. Kigriki alifundishwa kwa vitisho na adhabu, akakichukia. Mwisho akaona ya kuwa hamu ya kujua yafundisha lugha vizuri kuliko hofu.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe kule Alger mwaka 1868, aliwaagiza wana wake wajifunze lugha ya watu, wale chakula chao, wavae kama wao. Mwaka 1879 walifika Ujiji, na mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, upande wetu wa ziwa Tanganika. Hawakukuta shule ya Kitabwa pale. Walikaa na watu, wakauliza, wakasikiliza, na bila shaka wakakosea mara nyingi. Kamusi zilikuja nyuma ya mazungumzo, si mbele yake.

Tunda la kazi ile ni Padri Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu. Mapadri walimfundisha Kifransa na Kilatini, lugha mbili zisizosikika kijijini kwake. Alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville (leo Kirungu, karibu na Moba), wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifransa juu ya mawazo ya Wabantu, na maandiko yake yalianza kuchapwa katika La Revue Congolaise mwaka 1910. Tuangalie vema: Kaoze hakutafuta alama za mtihani tu. Alikuwa na jambo la kuwaeleza Wazungu, nao walitaka kulisikia. Mwenye neno moyoni hutafuta lugha ya kulisema.

Tutoke Moba, tuje kusini katika mji wetu. Mwaka 1910 reli toka Rhodesia ilifika hapa, na mji wa Elisabethville ukaanza. Tangu mwaka 1966 waitwa Lubumbashi. Watu walikuja kutafuta kazi migodini na katika nyumba za Wazungu: Wabemba, Waluba, Walunda, Wasonge, tena watu wa Ruanda-Urundi walioandikwa na Union Minière. Wachache sana walizaliwa na Kiswahili. Hata hivyo, kisha miaka michache, Kiswahili kilikuwa lugha ya mji. Mwalimu alikuwa nani? Kazi, soko, kiwanja cha nyumba, kanisa. Aliyetaka chumvi aliomba chumvi. Aliyekosea alisahihishwa na jirani, wala hakupewa sifuri.

Shuleni mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1962, baada ya uhuru, Serikali iliamuru Kifransa kiwe lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Shabaha ilikuwa njema: kuunganisha nchi. Lakini watoto wengi walifundishwa hata hesabu kwa maneno wasiyoyaelewa, wakazoea kukariri. Kunako mwaka 1974 lugha zetu zilirudishwa katika madarasa ya chini, ila mazoea ya kukariri hayakuondoka.

Ulaya nayo ilipita njia hiyo. Siku nyingi lugha zilizo hai zilifundishwa kama Kilatini, kwa sarufi na kufasiri. Mwaka 1972 mtaalamu Mmarekani Dell Hymes alichapisha wazo la kuwa kujua lugha ni pia kujua la kusema, kwa nani, na wakati gani. Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilitoa mpango wa Kiingereza unaohesabu yale mwanafunzi awezayo kuyatenda kwa lugha: kusalimu, kuomba, kukataa, kushukuru.

Je, tuidharau sarufi? Hata kidogo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulitaka waseminari wajue Kilatini cha kutosha wapate kuelewa vitabu vya elimu na hati za Kanisa. Kwa kazi hiyo sarufi ni mlango. Lakini Kiingereza twakihitaji kinywani pia, zaidi tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kila lugha na ifundishwe kwa kadiri ya haja yake.

Basi, mwalimu aanze na haja: mgonjwa wa kufarijiwa, mgeni wa kuonyeshwa njia, barua ya kujibiwa. Aweke wanafunzi wawili wawili, waulizane na kujibizana, kisha awaeleze kanuni ya maneno waliyoyatumia. Asimcheke mwenye kukosea. Na mseminari asione haya kujifunza kwa katekista muuza samaki.

Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia habari njema katika lugha yake mwenyewe. Sisi hatukupewa kipaji kile. Tumepewa masikio, ulimi na majirani, tutaulizwa tumevitumiaje.