Mali bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Waliposema hivyo bila shaka waliwaza duka au ghala. Mimi niliyetumia umri wangu shuleni, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa na baadaye mwalimu mkuu, nimeona kwamba usemi huo unafaa hata kwa mali isiyoshikika kwa mkono, yaani sauti. Katika insha hii nataka kueleza, kwa kadiri nilivyosoma na nilivyoshuhudia, jinsi watu walivyojifunza kuiandikia sauti daftari. Sisemi daftari la maneno ya wimbo, wala la nota zake. Nasema daftari la namna wimbo ulivyopimwa siku uliporekodiwa: nani alipandishwa, nani alishushwa, na kwa sababu gani.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Katika studio kila maikrofoni huleta sauti yake kwenye mashine ya kuchanganyia, ambayo mafundi huiita miksa. Kila sauti ina njia yake, na kila njia ina vifundo vya kuzungusha pamoja na kishikio cha kusukuma juu na chini. Fundi huongeza uzito hapa, hupunguza ukali pale, humtilia mwimbishaji mwangwi kidogo, hata kwaya nzima ikakaa pamoja. Miksa kubwa huweza kuwa na vifundo mamia kadhaa. Akija mtu mwingine kesho akavizungusha kwa kazi yake, mpangilio wa jana umekwisha. Swali basi ni hili: utaurudishaje?

Katika nchi yetu swali hilo halikuulizwa mapema, maana vifundo vyenyewe vilikuwa vichache. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika akirekodi nyimbo na ala za makabila mengi, wakiwamo Wahehe wa Iringa. Rekodi hizo zimo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa ipo Afrika Kusini. Tracey alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye ala, kama wimbo ulivyodai. Mkono wake ndio uliokuwa miksa. Lakini pia alikuwa mtu wa kuandika. Alipima sauti za ala kwa vyuma vile vyenye ncha mbili ambavyo walimu wa kwaya hutumia kutafutia sauti ya kuanzia, akaweka vipimo katika kumbukumbu zake. Ndiyo maana hata leo tunaweza kujua ala alizozipima zilivyotengenezwa sauti. Mwendo wa mkono wake hakuna aujuaye, kwa kuwa haukuandikwa mahali popote.

Redio yetu ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa miaka mingi studio zake ndizo zilizokuwa mlango mkuu wa kurekodia kwa bendi na kwaya za nchi hii. Wanamuziki waliingia chumbani pamoja, wakapiga pamoja, na sauti zote zikaingia katika utepe mmoja. Akikosea mmoja, wote walirudia. Fundi alipanga kwa masikio yake palepale, na wimbo ulipokwisha mpangilio wake ulikuwa umefungwa ndani ya utepe, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika mchuzi. Nyimbo hizo ni hazina kubwa, na ndiyo sababu inafaa kuhamisha tepe za zamani kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Hata hivyo, si rahisi mtu leo kumwongeza mpiga gitaa aliyefunikwa na tarumbeta mwaka 1970. Walichokubaliana chumbani siku ile ndicho tunachokisikia.

Sisi wa Nyanda za Juu za Kusini tulikuwa mbali na studio hizo. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na hata reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, si kila kwaya iliyoweza kulipa nauli ya watu arobaini. Kilichotuokoa ni kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana huko Iringa, nikisimamia kwaya ya wanafunzi. Tulikuwa na redio kaseti moja yenye maikrofoni moja. Miksa yetu ilikuwa sakafu. Sauti ya kwanza walisimama nyuma kwa kuwa walikuwa wengi na wakali. Sauti ya nne walikaa karibu. Msichana aliyeimbisha alipiga hatua mbili mbele ubeti ulipoanza, na akarudi kiitikio kilipoingia. Nilichora kwa chaki mahali pa kila kundi, kisha nikanakili mchoro ule katika daftari langu, maana sakafu ya darasa hupigwa deki kila asubuhi. Muhula uliofuata tulifungua daftari, tukachora upya, na kwaya ikasikika kama ilivyosikika kwanza.

Wakati huohuo, katika nchi tajiri, mafundi walikuwa wakihangaika na jambo lilelile kwa kiwango kikubwa zaidi. Walichora vifundo kwenye karatasi, walibandika vipande vya utepe kando ya vishikio na kutia alama za kalamu, wengine waliipiga picha miksa nzima. Mwaka 1977 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitoa mtambo ulioitwa NECAM, ambao ulikumbuka mwendo wa vishikio na kuvisogeza tena kwa mota. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kampuni nyingine ya Uingereza, Solid State Logic, ikaleta utaratibu ulioitwa Total Recall. Huo ulihifadhi katika kompyuta mahali pa kila kifundo, ukaonyesha kwenye kioo. Lakini fundi alipaswa kuvizungusha kwa mkono hadi vilingane na picha. Yaani mashine ilikumbuka, mwanadamu akatii. Mwaka 1987 Yamaha ya Japani ilitoa miksa ndogo ya kidijiti, DMP7, iliyoweza kuhifadhi mipangilio 30 ndani yake na kuirudisha kwa kubonyeza tu. Zikafuata programu za kompyuta, kama Pro Tools iliyotoka mwaka 1991, na hatimaye miksa yenyewe ikawa picha ndani ya kioo. Siku hizi kijana akihifadhi kazi yake, amehifadhi na vifundo vyote.

Jambo hilo lilinifikia Mbeya mwaka 2005. Kwaya ya kanisani kwetu ilianza kurekodi nyimbo nane katika studio ndogo ya mjini, chumba kimoja chenye magodoro ukutani na kompyuta moja. Kila kundi liliimba katika njia yake, na mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbishaji, akaimba peke yake katika njia yake. Nyimbo nne zilikamilika. Kabla ya kuendelea na zilizobaki, mwalimu wetu wa kwaya aliugua, na mwanzoni mwa mwaka 2006 tukamzika.

Mwaka huo, wazee wenzangu watakumbuka, ulikuwa wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimekosekana, maji ya Mtera yalishuka sana, na nchi nzima ikakaa gizani kwa zamu. Katika kukatika na kurudi kwa umeme, kompyuta ya studio ile iliharibika. Sauti zenyewe zilikuwa zimenakiliwa kwenye sidii, kila njia mbali. Mipangilio ya miksa haikuwa imenakiliwa. Sauti ya marehemu ilikuwapo, lakini kama mbao zisizo na mchoro wa nyumba.

Tulipokwenda kuuliza, fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alinisalimu akasema, "Mwalimu, kompyuta imekufa, lakini kaunta buku lipo." Akalitoa chini ya meza. Alikuwa na mazoea ya kuandika kila jioni, kwa sababu umeme ulikuwa ukimkatikia kabla hajahifadhi kazi. Katika nyimbo tatu aliandika vipimo pamoja na sababu zake: sauti ya nne ishushwe kwa vile walisimama karibu na ukuta, mwimbishaji apandishwe ubeti wa pili kwa vile hapo anashuka chini na kinanda kinamfunika. Katika wimbo wa nne, pengine kwa uchovu, aliandika tarakimu tupu.

Tukaona tofauti wenyewe. Kwaya ilikuwa imepata kinanda kipya na ilitaka kitumike katika nyimbo zote nane, ili kanda nzima iwe na sauti moja. Nyimbo zile tatu zilirudi katika muda wa jioni mbili, kwa kuwa fundi alijua kila kipimo kiliwekwa ili kutibu nini; kinanda kilipobadilika, alibadilisha dawa. Wimbo wa nne ulimsumbua wiki nzima. Alirudisha kila tarakimu mahali pake, na bado mwimbishaji alizama. Vipimo vilikuwa sahihi kwa kinanda cha zamani, na havikusema ni kwa nini viliwekwa hivyo. Mwishowe alikwenda kumwita mjane wa marehemu, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mama yule aliketi kwenye kiti cha plastiki, akasikiliza, akawa anatikisa kichwa, huku kijana akisogeza kidogo kidogo. Ilipofika mahali fulani alisema neno moja tu: "Ndiye."

Nimelitafakari sana jambo hili kwa jicho la ualimu. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakufunzi walitudai azimio la kazi na andalio la somo kila wiki, na sehemu waliyoikagua kwa ukali zaidi ilikuwa ile ya mwisho, ya tathmini na maoni. Wengi wetu tuliiona kuwa usumbufu. Baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, niliwaona walimu wanaonakili andalio la mwaka uliopita neno kwa neno, nao wakashangaa kwamba somo halikueleweka. Darasa lilikuwa limebadilika, kama kinanda kile. Andalio linaweza kurudisha hatua zote za somo, lakini maoni yale ya mwisho ndiyo yanayomweleza mwalimu ni hatua ipi aiache.

Wapo wanaosema kwamba kumbukumbu za mashine zinafanya kwaya zote zisikike namna moja, kwa kuwa fundi huvuta mpangilio uleule kwa kila ajaye. Maneno hayo yana ukweli, nami nimezisikia kanda za namna hiyo. Lakini lawama si ya kumbukumbu. Ni ya mtu anayerudisha jibu la jana bila kusikiliza swali la leo.

Kwa hiyo nawashauri vijana wanaorekodi kwaya zetu, Mbeya na Iringa na kwingineko. Hifadhini kazi katika kompyuta, na mnakili mahali pa pili. Kumbukeni pia kwamba programu hubadilika, na faili la leo huenda lisifunguke baada ya miaka kumi. Kwa hiyo tunzeni kila sauti peke yake. Kisha nunueni kaunta buku. Andikeni tarehe, jina la wimbo, nani alisimama wapi, na mbele ya kila kipimo muweke neno "kwa sababu". Kazi hiyo haizidi robo saa. Atakayekuja kulifungua daftari hilo huenda asiwe ninyi, na aliyeimba huenda asiwepo tena kuulizwa.