Vitanda 300: Hesabu ya Hospitali Wakati wa Korona, na Inavyotuhusu Nyumbani

Mwaka 2020 kila Mkenya aligeuka mhasibu wa hospitali. Kwenye matatu, kanisani, msikitini na katika kundi letu la WhatsApp, watu ambao hawakuwahi kuuliza bei ya glavu walijadili idadi ya vitanda vya wagonjwa mahututi kama wanaojadili matokeo ya ligi. Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, kwa hiyo mjadala ule niliufuata kwa jicho la kazi yangu. Kamati ilipoomba makala ya historia kwa kijitabu cha mwaka huu, nilichagua historia hii ambayo sote tuliiona. Sababu ni kwamba mapendekezo ya harambee ya mwaka huu yanafanana mno na yale tuliyoyasikia wakati ule.

Lakini Taita haikuanza kufahamiana na tauni mwaka 2020. Wazee wa Kasigau wanajua habari za mwaka 1915, Waingereza walipowashuku mababu zao kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi wakafia huko kwa maradhi. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta reli ya kutoka Voi kupita Mwatate na Maktau hadi Taveta. Wapagazi wa jeshi walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Kisha, mwishoni mwa 1918, homa kuu ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ikashuka melini Mombasa na kupanda treni kuelekea bara. Voi ni stesheni. Hakuna aliyebishana kuhusu vitanda wakati huo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mazoea ya kumhesabia mwananchi wa kawaida kitanda. Huo ndio msingi tuliorithi, na tusiusahau tunapowalaumu waliokuwa ofisini miaka mia moja baadaye.

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Serikali ilikuwa imeshaagiza wodi ya vitanda 120 ikamilishwe haraka katika Hospitali ya Mbagathi, Nairobi. Baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikaingizwa katika kazi hiyo. Swali la umma lilikuwa moja: je, tunavyo vya kutosha?

Jibu lenye takwimu lilitoka kwa watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust. Walihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi nchini kote, vya serikali na vya binafsi pamoja, na mashine 256 za kusaidia kupumua. Kaunti zilizokuwa na angalau chumba kimoja cha ICU zilikuwa 22 kati ya 47. Tukichukua sensa ya 2019, ambayo ilitupa Wakenya milioni 47.5, hicho ni kitanda kimoja kwa watu kama 88,500. Magazeti yalishika hiyo 537 na kuikaza. Mhasibu angeanza na ile nyingine. Kama mashine ni 256, basi zaidi ya nusu ya vitanda hivyo havikuwa na mashine, na kwa mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe kitanda bila mashine ni godoro la bei ghali. Hesabu yake halisi ilikuwa mashine moja kwa watu 185,000 na ushee. Na hapo bado hatujamtoa mgonjwa wa ajali ya barabara ya Mombasa, aliyetoka kupasuliwa, na mama aliyepoteza damu, ambao walikuwa wamelala katika vitanda hivyo kabla korona haijafika.

Juni 2020 Rais Uhuru Kenyatta na magavana walikutana, na likatoka agizo kwamba kila kaunti iandae vitanda visivyopungua 300 vya kutenga wagonjwa. Kufunguliwa kwa nchi kulihusishwa na utayari huo. Hapo ndipo mjadala ulipochacha. Kila wiki zilisomwa orodha za kaunti zilizofikisha na zilizobaki nyuma, kama orodha za mtihani wa kitaifa. Magavana, wakiongozwa na Wycliffe Oparanya wa Kakamega aliyekuwa mwenyekiti wa baraza lao, walisema pesa hazitoshi na zinachelewa. Wizara, chini ya Waziri Mutahi Kagwe, ikawajibu kwamba afya iligatuliwa tangu 2013 na kaunti zilipaswa kuwa tayari. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli.

Mimi nilishangazwa na namba yenyewe. Vitanda 300 kwa Lamu yenye watu 143,920, na 300 hivyohivyo kwa Nairobi yenye karibu milioni 4.4. Kwa Lamu ni kitanda kimoja kwa watu 480. Kwa Taita-Taveta, tuliohesabiwa 340,671, ni kimoja kwa watu 1,136. Kwa Nairobi ni kimoja kwa watu zaidi ya 14,600. Hakuna bajeti ya duka la rejareja inayopangwa hivyo. Ni kama kumwambia kila mzazi anunue sare tano, mwenye mtoto mmoja na mwenye watoto tisa.

Hata hivyo sitaki kulidharau agizo lile. Liliwasukuma watu waliokuwa wamelala. Kumbi zilisafishwa, wodi zilizokuwa stoo zikarudi kuwa wodi, mabomba yakatengenezwa. Namba rahisi ina faida yake: kila mwananchi anaweza kuuliza, “Zetu ziko ngapi?” Ubaya wake ni kwamba inajibiwa kwa urahisi huohuo. Ukiniambia nitafute vitanda 300 kufikia mwezi ujao, nitavipata. Nitakodi viti, nitaazima magodoro ya shule, nitapiga picha. Na mwezi huohuo wizara ikatoa mwongozo wa kuwahudumia nyumbani wenye dalili ndogo au wasio na dalili, kwa sababu ilikuwa imedhihirika kwamba wengi wa walioambukizwa hawakuhitaji kitanda cha hospitali kabisa. Vitanda vingi vya kutengea wagonjwa vikabaki na shuka zilizokunjwa.

Waliohitaji hospitali walihitaji kitu kingine, nacho kilikuwa hewa.

Wimbi la tatu lilituonyesha hilo. Tarehe 26 Machi 2021 Rais alifunga kaunti tano, yaani Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, akieleza kwamba kiwango cha waliopatikana na virusi kati ya waliopimwa kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 2 mwezi Januari hadi 22. Kipindi hicho familia zilizunguka na mgonjwa ndani ya gari kutoka hospitali hadi hospitali. Katikati ya mwaka kirusi cha Delta kikaipiga kanda ya Ziwa, kaunti 13 zikawekewa masharti makali, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi mjini Kisumu ikazidiwa. Mara hii neno lililotajwa kila taarifa ya habari lilikuwa oksijeni. Wizara ilifikia kuwaomba walioshikilia mitungi mitupu waitoe ijazwe.

Hebu tupige hesabu ambayo kila mwanachama anaweza kuithibitisha kwa simu yake. Mtungi mkubwa wa hospitali, ule mrefu unaomfikia mtu kifuani au zaidi, hubeba takriban lita 6,800 za oksijeni. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Kwa siku anahitaji miwili na zaidi kidogo, kwa siku kumi ishirini na moja. Huyo ni mmoja. Akiwa kwenye lita 15, mtungi hauvuki saa nane. Wagonjwa sita wa namna hiyo katika hospitali ya nyumbani wanamaliza mitungi karibu ishirini kwa siku, na kama mitungi inajazwa Mombasa, Voi iko takriban kilomita 150 kutoka huko. Kwa hiyo uwezo wa hospitali ule wa kweli ulikuwa umekaa kwenye lori, dereva, dizeli na ankara iliyolipwa kwa wakati.

Hesabu ya pili ni ya watu. Kitanda cha ICU kinahitaji muuguzi kando yake usiku na mchana. Wiki ina saa 168. Muuguzi akifanya kazi saa 40, unahitaji wauguzi wanne na kidogo kwa kitanda kimoja. Ukiweka likizo, ugonjwa na mafunzo, ni watano. Vitanda sita ni wauguzi thelathini wenye ujuzi maalumu, kabla ya daktari, mhudumu wa usafi na fundi. Na hao ndio waliotupwa pembeni ya mjadala. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma nchini, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na wenzao zaidi waajiriwe, na mgomo ukaingia mwaka mpya. Mwezi huohuo alifariki daktari kijana aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa korona, na ikaripotiwa kwamba alikuwa amekaa miezi mitano bila mshahara wala bima. Niliposoma habari hiyo nilifunga kompyuta. Kaunti zilikuwa zimesoma idadi ya vitanda, na mishahara ya aliyesimama kando ya kitanda haikuwa kwenye orodha.

Katika vitabu vyetu tunatenganisha matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Jengo, mashine na kitanda viko upande wa kwanza. Mshahara, umeme, vipuri na gesi viko upande wa pili. Upande wa kwanza una utepe wa kukata na kibao cha jina, wa pili hauna. Kenya ilikuwa imelipa karo ya somo hili kabla ya korona. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya kisasa kwa hospitali 98, vya ICU vikiwemo, kwa takriban shilingi bilioni 38. Kila kaunti ilianza kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye zikawa milioni 200. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilitoa ripoti kali mwaka 2020. Kuna mashine zilizokaa bila umeme wa kutosha, bila maji au bila mtaalamu wa kuziendesha, na malipo yakaendelea. Na kuna kontena 100 za zahanati zilizonunuliwa kwa takriban shilingi bilioni 1 zikaishia kupigwa jua Miritini. Wengi wetu tumepita Miritini tukielekea mjini tukiwa tunabishana kwa nini nyumbani hakuna zahanati.

Kashfa ya ununuzi wa vifaa vya korona katika KEMSA, iliyolipuka Agosti 2020, sitaieleza. Imeandikwa vya kutosha, na inawapa watu kisingizio cha kudhani kwamba tatizo lote lilikuwa wizi. Hata kama kila shilingi ingetumika kwa uaminifu, kununua vitanda pasipo oksijeni na wauguzi kungebaki ununuzi mbaya uliofanywa na watu wema.

Nasema haya kwa sababu katika mkutano uliopita pendekezo lililopigiwa makofi lilikuwa kununua vitanda vitatu vya ICU kwa hospitali ya nyumbani, na majina ya wafadhili yachongwe ukutani. Mjomba mmoja, ambaye namheshimu sana na ambaye mchango wake kila mwaka unazidi wa wengi wetu, alisema tukitoa mitungi na mafundi “itakuwa imeyeyuka hewani.” Tulicheka, naye alicheka. Lakini vitanda vitatu, kwa hesabu ya hapo juu, vinahitaji wauguzi kumi na watano ambao chama chetu hakiwezi kuwaajiri na kaunti haijaahidi kuwaajiri. Pendekezo la pili, lililokuja saa kumi na moja jioni watu wakiwa wanaaga, lilikuwa mitungi ya akiba, mabomba ya oksijeni hadi kando ya vitanda ambavyo tayari vipo, mashine mbili za kuchuja oksijeni kutoka hewani, jenereta ya kuziendesha umeme ukipotea, na mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu. Oksijeni hiyo haisubiri tauni. Mtoto mwenye nimonia anaihitaji leo, na mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua pia.

Niliomba kamati iyaweke mapendekezo yote mawili kwenye fomu ya ahadi iliyo katikati ya kijitabu hiki, kila moja na safu yake, na safu ya tatu kwa ajili ya gharama za kila mwaka baada ya ununuzi. Kamati imekubali. Mweka hazina atasoma jumla ya kila safu siku ya harambee kabla ya chakula, na barua ya kaunti kuhusu idadi ya wauguzi, ikiwa itakuwa imefika, itasomwa pamoja nazo.