Mikungu ya Matombo na Vita vya Kagera

Lori lililozoea kubeba ndizi zetu kutoka Matombo kwenda Morogoro mjini halikuja. Ilikuwa Novemba 1978. Mikungu ilikaa kando ya barabara siku ya kwanza na ya pili; ya tatu ikaanza kuiva, mbuzi wakajilia. Baadaye tukaambiwa kuwa serikali imechukua malori ya watu binafsi yapeleke askari Kagera. Nilikuwa na miaka 12. Kagera sikujua iko upande gani, ila viatu nilivyoahidiwa vilikuwa vinunuliwe kwa mikungu ile.

Wiki chache baadaye mjomba akaondoka. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo mjomba ndiye mwenye neno juu ya mashamba na juu yetu sote. Alikuwa mgambo, akaitwa pamoja na makumi ya maelfu ya wenzake. Bibi alimsindikiza hadi barabarani bila chozi, akaenda kulilia shambani.

Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuwa ametangaza tarehe 1 Novemba kwamba ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere akatuambia kuwa sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Shuleni tuliyaimba maneno hayo mstarini kila asubuhi.

Nilipokuja kuwa mwalimu wa historia, neno "sababu" lilianza kunisumbua. Amin aliua Waganda tangu 1971. Mwaka 1972 wapinzani wake walivuka kutoka kwetu wakashindwa, na Oktoba mwaka huo, Mogadishu, nchi zetu mbili zikaahidiana kutoingiliana. Miaka sita mingine damu ikamwagika huko, sisi tukapiga kelele tu. Kilio cha jirani hakikututoa nyumbani. Kilichotutoa ni shamba letu kuvamiwa. Kilio kilitusaidia tulipoamua kutoishia mpakani.

Aprili 1979 tulipimwa mara mbili ndani ya juma moja. Tarehe 6 makaburu wa Afrika Kusini walimnyonga Solomon Mahlangu, mpiganaji wa chama cha ukombozi cha ANC, huko Pretoria. Tarehe 11 jeshi letu likaiteka Kampala. Hapa Morogoro, pale Mazimbu, serikali ilikuwa imewapa ANC shamba la zamani la mkonge wajenge shule, nayo ikaja kuitwa kwa jina la Mahlangu. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Dhidi ya makaburu tulitoa ardhi, dhidi ya Amin tukatoa askari. Tofauti haikuwa uzito wa dhuluma. Makaburu walikuwa mbali, na ubavu wa kupigana nao hatukuwa nao.

Julai, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) huko Monrovia, Sudan na Nigeria zilitulaumu kwa kuingilia mambo ya nchi nyingine. Bili ya vita, inayokadiriwa kufika dola milioni 500, ilitubaki mkononi. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Foleni ya sabuni dukani kwetu ilidumu kuliko hiyo miezi.

Mjomba alirudi 1980, amekonda, maneno machache. Jioni moja akasema, "Siku ya kuingia Kampala walitutwisha ndizi. Mwaka uliofuata wakawa wanatuuliza tunaondoka lini."

Bibi alikuwa anamenya mihogo. Yeye alikumbuka Julai 1955, hapahapa Matombo. Waingereza walikuwa na mpango wa kuuokoa udongo wa Uluguru: kila mkulima achimbe matuta ya ngazi, atake asitake. Milima ilikuwa inamomonyoka kweli, hilo hakuna aliyelibisha. Lakini watu walichoka kuamriwa kwenye mashamba yao. Wakakusanyika kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye.

"Na ninyi mwanangu," bibi akauliza, "mliwauliza?"

"Mama, Amin ndiye aliyetuanza."

"Amin simuulizii. Nauliza wenye nchi."

Mjomba hakuwa na jibu. Ninalo mimi, nalo ni nusu. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakamchagua Yusuf Lule awaongoze. Kampala ilipoanguka akawa rais, akadumu siku 68. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, wapinzani wakaukataa, na vita vya msituni vikaanza Luweero. Askari wetu wa mwisho waliondoka 1981. Tuliwauliza waliokuwa wamekaa barazani kwetu. Waliobaki nyumbani wakaulizwa baadaye, wakati bunduki zilikuwa zimekwisha kuzagaa.

Sijutii kuanguka kwa Amin, na mikungu ile ningeitoa tena. Ila kila ninaposikia redioni taifa kubwa linajadili kupeleka ndege zake kuokoa watu wa mbali, nahesabu kimoyomoyo ni mara ngapi hao watu wametajwa, na mara ngapi wamepewa kipaza sauti.