Waasi wa Kantri: Walikimbilia Wapi?

Babu yangu alimpenda sana Jim Reeves: sauti laini, fidla zinabembeleza, waitikiaji nyuma. Nami nilidhani hiyo ndiyo kantri asilia. Kumbe ilikuwa bidhaa ya Nashville, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 makampuni yalipunguza milio ya kijijini na kuweka okestra na kwaya ili yauze mijini.

Sasa tumtazame Willie Nelson. Mwaka 1975 alirekodi Red Headed Stranger huko Garland, Texas, mbali na Nashville. Ni kisa kimoja mwanzo hadi mwisho: mhubiri anamwua mkewe aliyemtoroka pamoja na mpenzi mpya wa mwanamke huyo, kisha anatangatanga. Fani ni kavu, ala chache tu. Wakubwa wa Columbia walidhani eti kazi haijakamilika! Lakini mkataba ulimpa Nelson kauli ya mwisho. Wimbo uliotia fora humo ulikuwa wa Fred Rose, wa miaka ya 1940.

Soko nalo si mchezo. Mwaka 1976 RCA walikusanya rekodi ambazo nyingi zilikwishatoka, za Nelson zikiwemo, wakaziita Wanted! The Outlaws. Ikawa albamu ya kwanza ya kantri kutunukiwa platinamu, yaani nakala milioni 1. Uasi ukatiwa bei.

Ndipo mwaka 1990 vijana wa Belleville, Illinois, Uncle Tupelo, wakatoa No Depression. Jina walilitoa katika wimbo uliorekodiwa na Carter Family mwaka 1936, enzi za mdodoro mkuu wa uchumi, nao katika albamu hiyo wakachanganya kantri na gitaa kali za roki. Mwaka 1992 wakarekodi kwa siku 5 tu albamu ya ala zisizo za umeme, yenye nyimbo za kale zikiwemo za wachimba makaa. Hapo dhamira ya mfanyakazi mnyonge ikarudi mbele.

Sisi tuliolelewa na mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa tumezoea kudhani kwamba mwasi ni yule anayeyakimbia mapokeo. Hawa waliyakimbilia, maana aliyeyaacha ni mfanyabiashara. Kwa hiyo, wahakiki wenzangu, tusihesabu tu kanuni zilizovunjwa. Tuulize pia: kauli ya mwisho juu ya kazi hii alikuwa nayo nani? Bila swali hilo, Nelson wa 1975 na mkusanyiko wa 1976 tutaviona kitu kimoja, na tutakuwa tumekosea.